Vinyago Viwili vya Ujiji

Ni dhuluma ndogo, hata wengi hawaiiti dhuluma. Watoto wa shule huletwa Ujiji, mwendo mfupi tu kutoka stesheni ya Kigoma ilipo mwisho wa reli, wakapitishwa chini ya miembe na kuonyeshwa jiwe la ukumbusho lililosimamishwa mwaka 1927. Kisha huingizwa ndani. Humo, kwa miaka mingi, wamekutanishwa na wazungu wawili wa karatasi na gundi, waliovikwa makoti, wanaoamkiana: Henry Morton Stanley na David Livingstone. Mtoto husimamishwa kati yao, hupigwa picha, hurudi kwao na maneno manne ya Kiingereza kinywani. Hiyo ndiyo historia ya Ujiji aliyokabidhiwa.

Watetezi wa sanamu zile husema kuwa watoto huzipenda. Hapana mtu anayebisha. Mtoto hupenda kila kilichovikwa nguo na kufanana na mtu. Kule Florida, katika bustani ya Disney iliyofunguliwa mwaka 1998 kwa jina la Animal Kingdom, pamejengwa kijiji kizima cha Kiswahili kiitwacho Harambe, kuta zake zimeigwa kutoka Lamu, na watoto wa Kimarekani wamekuwa wakikumbatiana na nyani aitwaye Rafiki, ambaye ndani yake mna kijana wa ujira anayetoka jasho. Kampuni ileile ilijisajilia Marekani, mwaka 2003, maneno mawili ya hakuna matata yawe alama yake ya biashara, na kelele za Waswahili zikaja kupanda mwaka 2018. Lakini hata kwa Disney upo uungwana fulani: mtoto hulipa kiingilio akijua kuwa amelipia mchezo. Hapana mwalimu anayemwambia kuwa Rafiki ndiye aliyeianzisha Lamu.

Ujiji mchezo umeitwa elimu, na hapo ndipo penye ugomvi.

Afrika ya Mashariki haikuhitaji kufundishwa na mtu namna ya kumkutanisha mtoto na kinyago. Wamakonde, kusini mwa Tanzania na ng'ambo ya Ruvuma, wana ngoma ya kinyago waiitao midimu, na wenzao wa Msumbiji huiita mapiko. Mtoto ambaye hajaingia jandoni huambiwa kuwa kile kinachocheza si mtu, ni mzuka uliofufuka. Hukimbia, hulia, hujificha nyuma ya mama yake. Kisha siku ya jando ikifika, wazee humwonyesha kuwa ndani ya kile kitisho mna jirani yake, pengine mjomba wake hasa. Utu uzima huanzia hapo, kwenye kujua ni nani aliyevaa. Waswahili wa pwani nao wana msemo wao kuhusu kinyago alichokichonga mtu mwenyewe kisha kikarudi kumtisha. Mila hizo zote mbili zina adabu moja, kwamba kinyago huvuliwa. Cha Ujiji hakijapata kuvuliwa.

Na tuseme kilivuliwa, kingeonekana nini? Jambo la kwanza lingelikuwa hili, kwamba Stanley alikuwa amevaa vazi la mchezo tangu siku yenyewe. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1872 jinsi alivyotaka aandaliwe suti mpya, viatu vipakwe mafuta, kofia yake isuguliwe chokaa na kuzungushiwa kilemba kipya, ili aingie mjini amependeza. Mbele yake ilichukuliwa bendera ya Marekani na jitu refu liitwalo Asmani, na bunduki zikapigwa hewani. Yalikuwa maonyesho, na mwandishi wa gazeti alijua anawaonyesha nani: wasomaji wa New York Herald, waliokuwa bahari mbili mbali. Hata tarehe ina walakini. Stanley ameiweka tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone, ambaye naye alikuwa amepotelewa na hesabu ya siku, inaiweka mwishoni mwa Oktoba. Na kurasa za shajara ya Stanley za siku ile zilinyofolewa, hata maneno manne mashuhuri hayana shahidi ila kitabu na gazeti la msemaji.

Aliyepata kuhangaika na tafsiri atayatazama maneno yale kwa jicho jengine. Neno lake la mwisho linatambaa baina ya nadhani, bila shaka na kama sikosei, na kila moja kati ya hayo matatu linampa msemaji uso tofauti. Lakini tatizo kubwa si neno. Hapana Mswahili, wala Muha, wala Mmanyema wa Ujiji, ambaye angelimwendea mzee mgonjwa aliyetoka safari akaanza na dhana kabla ya salamu. Angeliuliza hali, angeliuliza safari, angeliuliza nyumbani. Na kwa bahati njema salamu zilikuwapo. Stanley mwenyewe ameandika kuwa alipokuwa akiingia mjini watu walimiminika kumwamkia kwa Kiswahili. Kisha ndani ya umati ule akatoka mtu mweusi mwenye nguo nyeupe akamwamkia kwa Kiingereza. Huyo ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Ndiye aliyekimbia hadi kwa bwana wake, pumzi zikimpaa, kumpa habari kuwa mgeni amekuja. Maana yake ni kuwa mkutano wa Ujiji ulikwisha kufanyika kabla ya wazungu hawa wawili kuvuliana kofia. Susi alikuwa amekwisha kukutana na Stanley. Karatasi na gundi zake ziko wapi?

Zaidi ya yote yuko mtoto. Hili ndilo linalouma, maana ukumbi unaoletewa watoto umemsahau mtoto pekee aliyekuwamo katika kisa. Katika msafara wa Stanley alikuwamo kijana mdogo aliyepewa Unyanyembe, karibu na Tabora, zawadi kutoka kwa mfanyabiashara wa Kiarabu, kama mtu anavyopewa jambia au mkeka. Jina lake Stanley ameliandika Ndugu M'hali, na akalieleza kuwa ni mali ya ndugu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: ni jina linalotamka wazi kuwa mtoto yule alikuwa mali ya mtu. Stanley hakulipenda, akambadilisha akawa Kalulu, ambalo kwa maelezo yake ni swala mchanga. Kwa Wanyanja, kalulu ni sungura, yule mjanja wa hadithi.

Basi Kalulu akawa mtumishi wake na mchukuzi wa bunduki yake. Mwaka 1872 alipelekwa Uingereza. Huko Stanley alivaa tena mavazi yake ya Ujiji ndani ya studio ya London, akapigwa picha za kuuzwa, na Kalulu akasimamishwa kando yake. Jumba la Madame Tussaud likamfinyangia sanamu ya nta. Mwaka 1873 Stanley akatoa kitabu cha hadithi chenye jina lake. Mwezi Aprili 1874 alikuwamo Westminster Abbey Livingstone alipozikwa. Yaani mtoto wa Afrika alifanywa kinyago cha kutazamwa na watoto wa London miaka mingi kabla ya watoto wa Kigoma kufanyiwa vinyago vya wazungu.

Wako watakaosema kwamba sanamu zivunjwe. Hao nao wamekosea, na kosa lao ni la uvivu. Ukivunja kinyago hujamwonyesha mtoto aliyemo ndani. Umemwachia pengo, na pengo hujazwa na kinyago chengine. Wako pia watakaosema, ongezeni sanamu: Susi, Chuma, Asmani, na Sidi Mubarak Bombay, yule Myao aliyeuzwa Kilwa, akavushwa hadi Bara Hindi, akarudi huru Unguja, na mwaka 1858 akafika Ziwa Tanganyika pamoja na Burton na Speke, miaka 13 kabla Stanley hajaliona. Ni wazo zuri kuliko lile la kwanza. Lakini sanamu bila maneno ni kinyago tu, hata kikiwa cheusi.

Kinachotakiwa ni mtu wa kusema, na wa kusema yote. Na hapa wasomaji wa visiwani wasijitoe wakajiweka upande wa wenye haki. Wengi wa waliobeba mizigo ya Stanley waliandikwa kazi Unguja na Bagamoyo. Njia waliyoifuata ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa. Aliyemtoa Kalulu zawadi hakuwa mzungu. Livingstone aliyekutwa Ujiji alikuwa ametoka Nyangwe, ambako mwezi Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa pwani wakiwamiminia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni, wakafa kwa mamia. Ni rahisi mno kuwacheka wazungu wawili wa gundi na kunyamaza juu ya soko lile. Kipo kinyago cha pwani pia, cha ukarimu na uungwana usio doa, nacho kimevaliwa muda mrefu na washairi wazuri.

Mtoto wa miaka kumi anaweza kuyabeba haya. Anayabeba mazito kuliko hayo jandoni na unyagoni. Aambiwe kuwa palifika hapa mtoto wa kimo chake, asiyekuwa na hiari ya kuja, amebeba bunduki isiyokuwa yake, kwa jina asilopewa na mama yake. Kisha aulizwe yeye mwenyewe picha ipigwe wapi na nani asimame katikati. Mwongozaji wa Ujiji hahitaji bajeti ya wizara kwa hilo. Anahitaji robo saa, Kiswahili chake cha kila siku, na ujasiri wa kuanza na jina la Ndugu Mali kabla ya kulitaja jina la Livingstone.

Kalulu alirudi Afrika na Stanley katika safari ya pili, iliyoanzia tena Unguja na Bagamoyo mwaka 1874. Mwezi Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya mto Kongo, akazama, bado kijana mdogo. Stanley aliyapa maporomoko yale jina la Kalulu, yaani jina alilombandika.