Majina ya miti tuyaandike bibi akiwa yupo

Wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi wetu wa Jumamosi,

Juzi mwanangu alinunua mswaki wa mti nje ya msikiti hapa Jeddah. Usiku akamwonyesha bibi yake wa Kwale kwenye simu: "Bibi, hii ni siwak." Bibi akacheka. "Mjukuu wangu, mswaki wenyewe ndio huo. Ule wa plastiki umeazima jina tu." Kisha akaanza kumtajia miti mingine, upi huchemshwa mizizi, upi huchumwa majani kabla jua halijapanda. Mtoto hakuelewa hata nusu. Nami, niseme kweli, majina matatu yalinipita.

Darasa letu linafundisha salamu, hesabu na vyakula. Naona lifundishe na miti.

Huko kwa bibi, juu ya mji wa Kwale, kuna msitu wa Milima ya Shimba. Katika miaka ya 1970 tani nyingi za mti ambao wanasayansi huuita Maytenus buchananii zilikusanywa pale kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Iliyotafutwa ni kemikali iitwayo maitansini, ambayo mti unayo kwa kiasi kidogo mno, ndiyo sababu ya tani zote hizo. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilionekana kuwa sumu kali, ikawekwa kando. Baadaye watafiti wakaifunga jamaa yake kwenye kingamwili inayoifikisha kwenye seli za saratani, na mwaka 2013 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani kutibu saratani ya matiti. Siku hizi msitu haukatwi tena kwa ajili yake. Kazi huanzia kwa bakteria.

Kisa hiki nakionea fahari, na kinaniuma pia. Wakati ule hapakuwa na mkataba wa kimataifa wa kugawana faida na wenye msitu. Mkataba wa Bioanuwai ulikuja 1992, na Itifaki ya Nagoya 2010.

Miaka ileile ya 1970, huko China, Tu Youyou alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika pakanga. Kila alipotumia moto, nguvu ya dawa ilipungua. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha miaka zaidi ya 1,600, kilichoagiza majani yaloweshwe kwenye maji, kisha yakamuliwe. Moto haukutajwa. Akabadilisha njia, dawa ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Tazameni basi uzito wa neno moja. Kuloweka si kuchemsha, kutwanga si kuponda, na kufukiza ni jambo jingine kabisa. Mtoto anayejua "kupika" peke yake ataandika nini bibi akimweleza?

Mzazi mmoja aliniambia haya ni mambo ya uganga. Simkubalii. Muhimbili, Dar es Salaam, kuna Taasisi ya Tiba Asili tangu 1974, na kazi yake ni kuichunguza mimea hiyo kisayansi.

Ombi langu ni dogo. Anayekwenda nyumbani likizo hii arudi na mti mmoja kwenye daftari: jina lake kwa lugha ya kijijini, mahali unapoota, sehemu inayotumika, wakati wa kuichuma, inavyotayarishwa, na nani aliyesema. Amwombe mzee ruhusa ya kuusoma darasani. Mzee akikataa, ukurasa ubaki nyumbani, na sisi walimu na wazazi tusiudai. Na mtoto asionje kitu. Kumbukeni ile ya Shimba ilivyokuwa sumu.

Sisi tumeshaanza. Bibi amekubali kuyarudia yale majina matatu Ijumaa baada ya alasiri, kwa sharti kwamba mjukuu mwenyewe ndiye aandike, mimi nisimsaidie.