Awendo Haikuanza 1979

Juzi nikitoka Kisii kwa matatu, jamaa niliyeketi naye alitazama miwa ikipita dirishani, akaniambia, "Bila Sony, Awendo ingekuwa nini, buda? Si ingekuwa kichaka tu na mto." Nilitaka kumjibu lakini tukafika steji, kila mtu akashika njia yake. Jibu langu ndilo hili.

Nimechoka na hiyo hadithi. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba mji wetu ulizaliwa mwaka wa 1979, kampuni ya sukari ya South Nyanza ilipoanzishwa, na kwamba kila kilichopo hapa ni zawadi ya kiwanda. Mimi nasema ni kinyume. Kiwanda ndicho kilichopewa zawadi, na Awendo ndiyo iliyotoa.

Hebu tuanze na huo mto anaoudharau. Mpaka leo wako watu wanaouita mji huu Sare-Awendo, na Sare ni jina la mto. Unapita hapa ukaungane na Kuja, na Kuja inateremka hadi Ziwa Victoria. Watu wa Sakwa walijenga boma zao katika bonde hili, wakalima mtama na wimbi, wakanywesha ng'ombe, wakazika wazee wao. Sasa niambie, mahali penye makaburi ya babu zako panaitwaje kichaka?

Halafu ikaja 1976. Serikali ilichukua ardhi kwa lazima ili mradi wa sukari upate nafasi. Sheria iliruhusu, na fidia ilikuwepo. Lakini usinichanganye hapo: fidia ni bei ya shamba, si bei ya boma. Mluo akihama boma anaacha kaburi la baba yake nyuma, na hakuna hundi inayoweza kulihamisha.

Sehemu ya ardhi hiyo haikupandwa muwa. Ikaja kuwa mji, ikawa chini ya Baraza la Mji wa Awendo, ploti zikakatwa, watu wengine wakagawiwa. Waliokuwa wenyewe wakauliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: kama mlichukua kwa ajili ya sukari na hamkuitumia kwa sukari, mbona hamturudishii? Wakaenda kortini. Wakashinda Mahakama Kuu, wakashinda tena Mahakama ya Rufaa. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ikawapangua: ardhi ikishachukuliwa kwa lazima na kulipiwa, mwenyewe wa kwanza hana haki ya kuidai. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kwamba lengo likikwama, wenyewe wa awali wanaweza kupewa nafasi ya kwanza ya kuinunua tena. Lakini sheria hiyo ilikuja miaka 36 baada ya shamba kwenda.

Sibishani na majaji kuhusu sheria. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa korti unafunga kesi, haufungi deni. Na deni hili haliwezi kulipwa na watu wanaoamini kwamba kabla ya 1979 hapakuwa na mtu.

Najua utaniambia nini. Kiwanda kilileta kazi, kilisomesha watoto, kilitupa Sony Sugar FC iliyobeba ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2006. Ni kweli, na siku hiyo ilikuwa tamu jameni. Timu ya mji mdogo ikawapita wakubwa wa Nairobi! Lakini timu hiyohiyo ilitupwa nje ya ligi mwaka wa 2019 kwa kukosa kufika kwenye mechi. Mwaka huohuo wa ile hukumu. Kiwanda kikikohoa, tunaanza kutafuta sukari ya chai, karo ya shule, hadi nauli ya timu. Mji unaotegemea kitu kimoja hivyo haujapewa zawadi. Umefungwa kamba.

Mwaka wa 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari, chetu kikiwemo, kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa Awendo mwaka huo atakuwa na miaka 30 mkataba ukiisha. Atakuwa ameishi ujana wake wote chini ya makubaliano ambayo hakuna aliyemuuliza. Babu yake alipitia 1976 hivyohivyo.

Ndiyo maana naudhika kijana mwenzangu anaposema tushukuru tu. Shukrani haina masharti, na sisi tunahitaji masharti. Mkataba ubandikwe sokoni, kila ukurasa, kwa Dholuo na Kiswahili. Ramani ya ardhi ya 1976 iwekwe wazi: ipi ina muwa, ipi ina ploti, ipi imelala bure. Na kingo za Sare ziachwe kuwa za umma. Mto uliotupa jina umegeuka kuwa uani wa mji, mahali pa kuosha boda na kutupa takataka, na hapo lawama ni yetu pia. Hatuwezi kudai heshima ya bonde huku tukilijaza karatasi za plastiki.

Jambo la mwisho halihitaji serikali. Waliohamishwa 1976 wakiwa vijana wa rika letu sasa ni wazee wa miaka sabini na kitu. Kaa nao jioni moja, toa simu, washa rekoda, waulize boma lilikuwa wapi, mpaka ulikuwa mti gani, nani alizikwa pale. Korti ilitaka karatasi. Sisi tunaweza kuweka majina.

Na wewe jamaa wa matatu, tukikutana tena usishuke haraka. Nitakuonyesha kichaka chako kilikuwa kwa nani.