Kulwa na Doto ndani ya kompyuta

Mwezi huu tuwaache mawifi wapumue, tuzungumzie ile kompyuta iliyokaa kona ya sebule yenu. Maana ukifikiria vizuri, nusu ya ndoa yenu imo mle: picha za send-off, video ya harusi, mtoto anaanza kutambaa, hati ya kiwanja mliyoiskani. Na vyote vimelala kwenye diski moja tu, ambayo siku yake ikifika haipigi hodi.

Dawa yake mafundi wanaiita RAID 1, mimi naiita Kulwa na Doto. Unafunga diski mbili, na kila unachohifadhi kompyuta inakiandika kwa Kulwa na kwa Doto papo hapo. Mmoja akifa, mwingine anaendelea na kazi. Jina la RAID lilitoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, kwenye andiko lao la mwaka 1988, ingawa ujanja wa kuandika mara mbili ulikuwepo kabla yao.

Kwetu nilifunga mwenyewe, Jumamosi moja jioni. Mzee alikuwa anapinga. "Mama Junior, yaani tununue diski mbili za terabaiti mbili mbili, halafu tupate nafasi ya terabaiti mbili tu? Si tunaibiwa?" Nikamwambia, "Baba Junior, tairi ya spea imekaa kwenye buti miaka mitatu haijagusa lami, mbona hujaiuza?" Akacheka, akatoa hela.

Kwenye Windows 11 wala huhitaji fundi. Chomeka diski mbili mbali na ile yenye Windows yenyewe, fungua Storage Spaces, chagua diski zako, na pale panapouliza aina ya ulinzi chagua Two-way mirror. Wenye Mac wanaingia Disk Utility. Ila shosti, hapo fungua macho: kila kilichokuwemo kwenye diski hizo mbili kinafutwa! Usije ukachomeka ile yenye picha za harusi ukidhani itajizalia pacha. Unatengeneza mapacha watupu kwanza, ndipo unahamishia vitu.

Sasa nije kwenye hasa kilichonifanya niandike. Kuna wanandoa marafiki zetu, mume ndiye aliyefunga mapacha, akajisifia kweli kweli. Diski moja ikafa. Kompyuta, kama ilivyotakiwa, ikaendelea kufanya kazi, ikawa inatoa tu kijitangazo pembeni mwa skrini. Mke, ambaye ndiye anayeshinda hapo akiandika oda zake za vitenge, akadhani ni matangazo ya biashara, akawa anakifunga kila siku. Miezi ikapita. Doto naye akafa. Ikaondoka video ya baba yake mume akiwapa nasaha siku ya harusi, na mzee huyo alikuwa ameshazikwa. Walilaumiana mpaka wakawa wanalala vyumba tofauti.

Wengi walimlaumu mama. Mimi nasema hapana! Mtu hawezi kujibu onyo ambalo hajawahi kuelezwa maana yake. Yule bwana alifunga diski mbili lakini ujuzi akauacha kwenye kichwa kimoja. Angemwambia tu, "Ukiona hiki, nipigie," wangenunua diski mpya, mfumo ungeinakilia upya kwa saa kadhaa, yakaisha.

Kilichowapoza kidogo ni wifi mtu, aliyekutwa na kipande kifupi cha nasaha zile kwenye simu yake ya zamani. Ndiyo yale yaliyowakuta Pixar mwaka 1998 wakitengeneza Toy Story 2. Amri moja ya kufuta ilikula sehemu kubwa ya filamu, na nakala zao za akiba zikagoma. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mama aliyekuwa na mtoto mchanga na akifanyia kazi nyumbani, ambako kulikuwa na nakala nyingine.

Kwa hiyo tusidanganyane, mapacha wanakukinga na kifo cha diski, basi. Ukifuta faili, linafutika kote. Mwizi akibeba kompyuta, kabeba wote. Umeme ukirudi kwa fujo, unaweza kuwaunguza pamoja. Ndiyo maana sisi tuna diski ya tatu, inayokaa kwa mama mkwe Morogoro, na kila tukienda kumsalimia tunaibadilisha na yenye mambo mapya.

Na kama mna zile picha za fungate za macho manne tu, diski hiyo iwekeeni nywila kabla haijapanda basi. Mama mkwe naye ana kompyuta.