MAJI YA MATOGORO: SULHU ISIWADHULUMU WA JUU WALA WA CHINI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyekijaalia kila chenye uhai kutokana na maji. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Matogoro ya Songea imebeba amana kubwa. Katika milima yake huanzia Mto Ruvuma, ambao husafiri hadi Bahari ya Hindi ukiwa mpaka wetu na Msumbiji. Wakazi wa mji wa Songea nao wanaitegemea milima hiyo kwa maji ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadhia. Msitu unapofyekwa kwenye chanzo, hasara haibaki katika shamba la mtu mmoja. Lakini mwenye jembe naye ni mzazi, na bustani ya bondeni ndiyo ada ya shule na chakula cha jioni. Mji una haki ya kunywa na mkulima ana haki ya kuishi. Je, zipimwe vipi haki hizi mbili?

Uislamu haukuliacha jambo hili bila mwongozo. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Zubeir bin Awwam (R.A.) alizozana na Answari mmoja juu ya mfereji wa kunyweshea mitende huko Madina. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Kwanza Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Zubeir anyweshe, kisha amwachie jirani yake maji. Hiyo ilikuwa sulhu yenye wepesi kwa wote wawili. Answari alipoikataa, akadai kwamba Zubeir amependelewa kwa udugu, Mtume (S.A.W.) alimpa Zubeir haki yake kamili.

Tunajifunza mambo mawili. Sulhu hutangulia hukumu, na anayeipuuza aweza kupata pungufu ya alichopewa kwa wema. Pili, aliye juu ana haki ya kutumia maji, lakini hana ruhusa ya kumkatia aliye chini.

Mafakihi wetu waliweka pia hukumu ya harimu, yaani eneo linalozunguka kisima au mto ambalo mtu haruhusiwi kulihodhi kwa namna ya kuwadhuru watumiaji. Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60, shughuli za kudumu au zenye kudhuru hifadhi ya kingo za mito, mabwawa na fukwe za maziwa. Mwenye shamba kando ya kijito cha Matogoro na mwenye kibanda ufukweni mwa Ziwa Nyasa kule Mbamba Bay wanahusika sawasawa.

Hata hivyo, manufaa ya umma hayahalalishi dhuluma. Sayyidna Umar (R.A.) alipoupanua Msikiti Mtukufu wa Makka, alizinunua nyumba za jirani, na waliokataa kuuza thamani ya nyumba zao iliwekwa kando hadi walipoichukua. Ikiwa upanuzi wa Nyumba ya Mwenyezi Mungu haukufuta haki ya mwenye nyumba, basi ulinzi wa chanzo cha maji hauwezi kuifuta haki ya mkulima. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kuchelewa. Fidia inayocheleweshwa humwacha mtu hana shamba wala fedha, naye hurudi bondeni usiku na jembe lake.

Kwa hiyo tunawanasihi wenye mamlaka wa Manispaa ya Songea: mipaka ya vyanzo iwekwe wazi mbele ya wananchi, na anayestahiki fidia alipwe kabla ya kuondolewa. Wakulima nao tunawanasihi wasilime chanzo kwa kutegemea kwamba hakuna anayewaona. Mtume (S.A.W.) amemwonya vikali anayechukua japo shibiri moja ya ardhi isiyo yake, na onyo hilo linamhusu mnyonge kama linavyomhusu mwenye cheo.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Nafasi hiyo itumike kabla watu hawajafikishana mahakamani. Lakini tukumbuke kwamba sulhu inayohalalisha haramu haikubaliki. Hakuna kikao chenye uwezo wa kuuza maji ya watoto ambao hawajazaliwa, wala cha kumnyang'anya yatima kiunga cha baba yake kisha kikaita hayo maelewano.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) aunganishe nyoyo za watu wa Matogoro na Songea, na atujaalie kuilinda amana hii kwa uadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.