Ubeti wa Mgonjwa Hauhesabiwi Mizani

Sisi washairi hupenda kusema kwamba shairi ni dawa. Kauli hiyo ni tamu, lakini yataka kupimwa. Abdilatif Abdalla alifungwa tangu 1969 hadi 1972, akatunga humo gerezani mashairi yaliyotoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yeye, hata hivyo, aliingia kifungoni akiwa malenga tayari. Je, yule asiyewahi kutunga ubeti hata mmoja, naye sonona imemlaza kitandani, tumwambie nini?

Hapo ndipo tiba ya sanaa inapotengana na utunzi wetu wa kawaida. Mwaka 1946, daktari Nise da Silveira alifungua karakana ya uchoraji katika hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Rio de Janeiro, Brazili. Alikuwa amekataa kuwatibu wagonjwa kwa mishtuko ya umeme. Akawapa brashi na rangi. Hakuwafundisha kuchora vizuri. Aliwaacha wachore, kisha akazichunguza picha zao moja baada ya nyingine, akitafuta ndani yake yale ambayo ndimi zao hazikuweza kuyasema. Mwaka 1952 kazi hizo zilipata makumbusho yake.

Funzo ninaloliona ni kwamba dawa si picha peke yake. Pana mkono unaotenda, pana kazi inayozaliwa, na pana mtaalamu anayejua kuitazama na kusikiliza. Akikosekana huyo wa tatu, kilichobaki ni burudani. Burudani ni njema, lakini haitoshi kuitwa matibabu. Na jeraha likifunuliwa pasipo wa kulifunga, huzidi kuuma.

Basi malenga ana nafasi gani? Anayo, tena kubwa, maadamu asijifanye tabibu. Kiswahili kina sonona, simanzi, jitimai, kihoro na ukiwa, na kila neno lina uchungu wake. Mgonjwa anayeambiwa tu kwamba “ana mawazo” hunyimwa jina la maumivu yake. Mshairi anayeketi kando ya mtaalamu, iwe Mathari jijini Nairobi au Mirembe kule Dodoma, aweza kumkopesha neno hilo, naye mgonjwa akaanza kulisimulia lililomsibu.

Sharti langu ni moja: fimbo ya vina na mizani ibaki mlangoni. Najua wapo watakaosema huku ni kuzilegeza kanuni walizotuachia wazee. La, hasha. Kanuni zina mahali pake, katika diwani, magazetini na kwenye malumbano, na huko mimi mwenyewe nitazitetea. Wodini, ubeti uliopungukiwa mizani mbili umetimia iwapo aliyeutunga amepata kulisema lililomkaba kooni. Asiyeweza kuusikiliza bila kuusahihisha, heri asiende.