Mtoto Aliyekosa Arudishwe Mikononi mwa Jamii

Kila kijana anapokamatwa mtaani kwa kuiba simu au kuvunja duka, sauti ya kwanza kusikika ni ile ya kutaka afungwe. Aliyeibiwa ana haki ya kukasirika, wala hakuna mwananchi mwenye akili timamu awezaye kuutetea wizi. Lakini hasira si sera. Hatuna budi kujiuliza: kijana huyo wa miaka 14 akirudi, atarudi akiwa mtu wa namna gani?

Sheria zetu zimekwisha kutuonyesha njia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetamka wazi kwamba mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18 hatahukumiwa kifungo gerezani. Imeunda Mahakama ya Watoto, ikaagiza mashauri yao yasikilizwe faragha, tena mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii. Zanzibar nayo ilitunga Sheria yake ya Mtoto mwaka 2011. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Taifa letu liliuridhia mwaka 1991, unataka kumfungia mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa.

Hata hivyo, sheria nzuri haijitekelezi yenyewe. Kwa miaka mingi Tanzania Bara imekuwa na shule moja tu ya maadilisho, iliyoko Irambo, Mbeya. Mtoto wa Mtwara au wa Kagera akipelekwa huko, mama yake atamtembelea kwa nauli gani? Na yule asiye na mtu wa kumdhamini hukaa mahabusu akingoja shauri lake, ilhali mwenzake wa kosa lile lile, mwenye mdhamini, yuko nyumbani na anakwenda shule. Hapo kinachoadhibiwa si kosa, bali ni umaskini.

Liko jambo lililo bora zaidi, na si geni kwetu. Mwaka 2012 ulianzishwa Temeke, Dar es Salaam, na baadaye Mbeya, mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa ndani ya jamii zao. Katika mpango wa aina hii mtoto hubaki kwao. Maafisa huchunguza kiini cha kosa: je, ni njaa, ni ugomvi wa wazazi, ni makundi mabaya, au ni kuacha shule? Kisha mtoto na mzazi hushauriwa pamoja, na mtoto hurudishwa darasani au hutafutiwa ufundi.

Wako wasemao kwamba huko ni kuwadekeza wahalifu. Sivyo hata kidogo. Kijana anayesimama mbele ya mama lishe aliyemwibia, akamwomba radhi na kulipa hasara hiyo kwa jasho lake, ameadhibiwa na pia amefundishwa. Mama yule naye amepata fidia, ambayo kifungo kisingempa. Yako makosa mazito yanayohitaji uangalizi mkali zaidi, lakini tusiyafanye kisingizio cha kuwatupa wote katika kapu moja.

Yafaa basi kila Halmashauri itenge fungu kwa ajili ya kazi hii na kuajiri Maafisa Ustawi wa Jamii wa kutosha, badala ya kungoja wafadhili. Seremala na fundi cherehani wa mtaani wakubali kumpokea kijana wa namna hiyo karakanani. Viongozi wa mitaa na mabalozi wa mashina wawe wa kwanza kumzuia anayeokota jiwe ili kumpiga mtoto mwizi. Na sisi wazazi tuache kusema kwamba mtoto wa jirani hatuhusu.

Wazee walisema udongo upatilize ungali maji. Tukiuacha ukauke, tusije tukamlaumu mfinyanzi.