Vazi la Jukwaani Nalo Hufundisha Historia

Kila inapokaribia siku ya kuadhimisha tukio kubwa la taifa, shule nyingi na vikundi vya utamaduni hutayarisha michezo ya kuigiza inayohusu mashujaa wa nchi. Walimu hukesha wakiandika maneno, vijana huyakariri, na wazazi hufika kwa wingi kutazama. Juhudi hiyo ni njema na inastahili pongezi. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo aghalabu huachwa mpaka siku ya mwisho, kisha likafanywa kwa kubahatisha, nalo ni mavazi ya wale wanaoigizwa.

Wapo wanaodhani kwamba vazi ni pambo tu, na kwamba maadamu maneno ni ya kweli, nguo yoyote itafaa. Dhana hiyo si sahihi. Mtazamaji humwona mwigizaji kabla hajamsikia. Mtoto wa darasa la nne aweza kusahau hotuba yote iliyotolewa jukwaani, lakini hatasahau jinsi shujaa alivyovaa. Vazi, kwa hiyo, ni somo kamili, na anayelichagua ni mwalimu wa historia, apende asipende.

Uchukuliwe mfano wa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Si ajabu kuwaona wapiganaji wa vita hivyo wakiletwa jukwaani wamefungwa magunia na majani viunoni, nyuso zimepakwa masizi, wakirukaruka kama watu wasiojua walitendalo. Hapana anayekana kwamba ngozi na magome ya miti vilivaliwa katika sehemu mbalimbali za nchi. Lakini vitambaa vya pamba vilikwisha kuenea kwa biashara ya misafara muda mrefu kabla ya Mjerumani kutia mguu. Kaniki, na merikani, ile nguo isiyotiwa rangi iliyopewa jina la nchi ilikotoka kwanza, zilijulikana pwani na bara. Picha ya mtu wa majani viunoni haikutoka kwa wazee wetu. Ilitoka katika vitabu vya wakoloni, ambao ilikuwa faida kwao kumwonyesha Mwafrika kama mtu asiye na chochote kabla yao. Kuirudia picha hiyo katika sherehe ya kuwakumbuka mashujaa ni kasumba, hata kama nia ni safi.

Na hapo ndipo penye hasara kubwa zaidi. Cheche ya vita hivyo ilikuwa pamba. Wamatumbi walilazimishwa kuilima kwa manufaa ya wengine, na mnamo Julai 1905, huko Nandete, waling'oa miche yake kuwa ishara ya kukataa. Mpiganaji aliyevaa shuka ya kaniki iliyonunuliwa dukani, huku akilazimishwa kulima pamba asiyofaidika nayo, anaeleza unyonyaji wa kikoloni kwa ufasaha unaozidi hotuba ndefu. Mtayarishaji anayemvua kaniki hiyo na kumvika gunia amelifuta somo lenyewe.

Kosa la namna hiyo hufanyika pia kwa upande wa adui. Askari wa Mjerumani huletwa jukwaani amevaa sare za Keya, yaani za jeshi la Waingereza, ambalo lilikuja kuingia Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza. Askari wa Kijerumani alivaa kaki, na kofia iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye pindo la kuning'inia nyuma ya shingo, mbele yake ikiwa na alama ya ndege tai. Mtoto asiyeonyeshwa tofauti hiyo hukua akiamini kwamba ukoloni ulikuwa mmoja, usio na tarehe wala jina.

Yakitazamwa maigizo ya kuasisiwa kwa TANU, hali ni hiyo hiyo. Mwalimu Julius Nyerere huonyeshwa katika mkutano wa Julai 7, 1954 akiwa mzee mwenye mvi, amevaa suti ya kola iliyosimama, ile ambayo watu waliiita Chou En-lai, na mkononi ameshika kifimbo. Ukweli ni kwamba siku hiyo Nyerere, aliyezaliwa Aprili 1922, alikuwa kijana wa miaka 32. Alikuwa akifundisha Pugu na kuishi kwa mshahara wa ualimu. Suti ile ilikuja kujulikana miaka ya 1960, uhusiano na China ulipokua. Machi 1955, alipokwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, alivaa suti ya kawaida kama mjumbe mwingine yeyote.

Pengine itasemwa kuwa hilo ni jambo dogo. La hasha! Kijana anayeonyeshwa Rais aliyekwisha kukamilika huamini kwamba viongozi huzaliwa viongozi, na kwamba kazi ya kuikomboa nchi ilikuwa ya watu wa aina nyingine. Lakini akionyeshwa mwalimu kijana katika shati na suruali ya kazini, ambaye Machi ile ile ya 1955 aliacha ualimu ili aendelee na siasa, ataelewa gharama iliyolipwa. Na pengine atamtazama mwalimu wake mwenyewe kwa jicho jingine.

Akina mama nao hutendewa vivyo hivyo. Bibi Titi Mohamed na wenzake huvikwa kanga za kijani na njano, rangi za Chama Cha Mapinduzi, chama kilichozaliwa Februari 5, 1977. Bendera ya TANU ilikuwa ya kijani na nyeusi. Zaidi ya hayo, wanawake wa Dar es Salaam walioingia katika harakati mwaka 1955 hawakungoja kugawiwa sare. Walikuja na kanga zao na mabuibui yao, wengi wakitoka katika vikundi vyao vya ngoma, na nguvu waliyoileta ilikuwa ya kwao wenyewe. Kuwavika rangi za miaka zaidi ya 20 baadaye ni kuwaonyesha kama watu walioitwa kushangilia, ilhali walikuwa miongoni mwa wajenzi.

Wanasiasa wenyewe walijua uzito wa vazi. Usiku wa kuamkia Machi 6, 1957, Kwame Nkrumah alipotangaza uhuru wa Ghana mjini Accra, yeye na wenzake hawakuvaa suti wala kente. Walivaa vazi pana la watu wa kaskazini mwa nchi hiyo, na kofia zenye herufi za kuonyesha kuwa wao ni wahitimu wa gereza. Patrice Lumumba, Juni 30, 1960, aliusema ukoloni wa Kibelgiji mbele ya Mfalme Baudouin akiwa katika suti na tai ya kipepeo. Jomo Kenyatta naye, katika picha ya kitabu chake cha mwaka 1938, alivaa joho la ngozi la kuazima. Kila mmoja wao alichagua kwa makusudi. Mwigizaji anayembadilishia kiongozi nguo humbadilishia kauli.

Vilevile, anayeigiza siasa za Kongo za mwaka 1960 hana budi kukumbuka kwamba Mobutu wa wakati huo alikuwa kanali katika sare za jeshi. Kofia ya chui na suti isiyo na tai vilikuja baadaye, alipokwisha kutawala.

Zipo hoja mbili zinazotolewa kupinga uangalifu huu. Ya kwanza ni kwamba sanaa ina uhuru wake. Hoja hiyo ina ukweli. Ebrahim Hussein, katika mchezo wake wa Kinjeketile uliochapishwa mwaka 1969, alieleza waziwazi kuwa mhusika wake ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye Kinjeketile Ngwale aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 4, 1905. Lakini uhuru wa msanii ni wa yule anayejua kanuni kisha akaamua kuiacha. Asiyejua hakuchagua kitu, na kutojua hakuwezi kuitwa ubunifu.

Hoja ya pili ni umaskini wa shule, nayo ni nzito. Walakini, makosa yaliyotajwa hapa hayakusababishwa na ukosefu wa fedha. Kaniki si ghali kuliko kitambaa cha kung'aa kinachonunuliwa kwa pupa siku ya mwisho. Kanzu na kofia huazimwa kwa jirani. Shati jeupe na suruali ya kaki vimo katika nyumba nyingi. Kinachokosekana mara nyingi ni swali, na swali halinunuliwi.

Kabla ya kushona au kuazima chochote, mwalimu na ajiulize mambo manne: Ni mwaka gani? Ni mahali gani? Mhusika alikuwa na umri na kazi gani siku hiyo? Je, alikuwa shambani, vitani, mkutanini au mbele ya wageni? Majibu yapo. Zipo picha za zamani katika Idara ya Habari, Maelezo. Yapo Makumbusho ya Taifa, na yapo Makumbusho ya Maji Maji huko Songea, ambako kila Februari 27 wanakumbukwa mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Na katika kila kijiji wapo bibi wenye masanduku ya kanga za ujana wao. Wanafunzi wakitumwa kuyauliza hayo, kazi ya kutafuta vazi itakuwa yenyewe somo la historia.

Maafisa utamaduni wa wilaya nao wasingoje kualikwa kukaa viti vya mbele siku ya sherehe. Wapite shuleni mapema, wakati wa mazoezi, na waangalie mavazi kama wanavyoyaangalia maneno.

Wazee waliopigana Maji Maji hawapo tena kujitetea, na walioasisi TANU karibu wote wamekwisha kutangulia. Wamebaki mikononi mwa wale wanaowaigiza. Deni lao ni dogo: waonyeshwe jinsi walivyokuwa.